Kupigana ni kujipiga: Taswira za kupinga vita katika video ya 'Pipes of Peace'

Juma lililopita niliingia darasani na kipakatalishi, nikazima sauti, nikawaonyesha wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu video ya wimbo iliyotolewa kabla ya wengi wa wazazi wao kuoana. Sikuwatajia jina la wimbo wala la mwimbaji. Niliwaomba jambo moja tu: waandike wanachokiona, wala si wanachodhani kwamba Profesa anataka kusikia.

Video ile si ndefu. Ilipokwisha, darasa lilitulia kidogo. Kisha kijana mmoja wa viti vya nyuma akasema, "Prof, lakini huyu jamaa anajipiga mwenyewe!" Wenzake wakaangua kicheko. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeandaa mhadhara wa saa mbili kuhusu Ferdinand de Saussure na Roland Barthes, na hapo nikaona kwamba kijana huyu ameshika kiini cha somo kwa kitenzi kimoja cha Kiswahili. Makala haya ni jaribio langu la kueleza kwa nini nilikiona kitenzi hicho kuwa na uzito kiasi hicho.

Wimbo wenyewe unaitwa 'Pipes of Peace'. Uliimbwa na Paul McCartney, aliyekuwa mmoja wa wanabendi wa The Beatles, ukatolewa mwishoni mwa mwaka 1983 na kufika kileleni mwa chati za Uingereza Januari 1984. Video yake ilielekezwa na Keith McMillan, ikapigwa katika uwanda wa Chobham Common, Surrey, kwa kutumia waigizaji zaidi ya 100. Jina la wimbo lina mchezo wa maneno usiotafsirika kwa urahisi. Neno hilo moja la Kiingereza hubeba zumari inayopulizwa na pia kiko kinachovutwa, na ndani yake mna mwangwi wa kile kiko ambacho baadhi ya Wenyeji wa Marekani walikivuta pamoja walipofunga mapatano. Sisi tuna maneno mawili tofauti, kwa hivyo mfasiri wetu atalazimika kuchagua: ama muziki ama mapatano.

Sasa, jambo la kwanza la kushangaza ni hili. Ukiyasikiliza maneno ya wimbo bila picha, husikii vita. Yanazungumzia mapenzi, watoto na haja ya binadamu kujifunza kuishi pamoja. Hayataji bunduki, hayataji handaki, hayautaji mwaka 1914. Vita vyote vimo katika picha.

Katika insha yake ya mwaka 1964 kuhusu balagha ya picha, Barthes alieleza kwamba picha ina maana nyingi zinazoelea, na kwamba maneno yaliyoandikwa chini yake huwa kama nanga: huituliza picha mahali pamoja ili msomaji asipotee. Hivyo ndivyo zinavyofanya kazi picha za gazeti hili unalolisoma. Katika video ya McCartney, mambo yamegeuzwa. Maneno ndiyo yanayoelea, na picha ndizo nanga. Wimbo ambao ungeweza kuchezwa harusini, pasipo mtu kushtuka, unatiwa nanga katika tope la Krismasi ya mwaka 1914.

Hebu tuzitazame taswira tatu zinazoifanya kazi hiyo.

Taswira ya kwanza ni ile aliyoiona kijana wetu. Kuna majeshi mawili, la Uingereza na la Ujerumani, kila moja ndani ya handaki lake. Katika kila handaki kuna mwanajeshi mmoja ambaye kamera inamfuata kwa karibu. Sare zao ni tofauti, lakini uso ni uleule. McCartney ndiye Mwingereza na ndiye Mjerumani.

Mtu anaweza kusema kwamba hiyo ni mbinu tu ya kumpa nyota nafasi kubwa zaidi. Huenda. Lakini ishara haimwulizi aliyeiweka alikuwa na nia gani. Huanza kusema mara tu inapotazamwa. Na hapa mnyambuliko wa vitenzi vyetu unatusaidia kuliko nadharia nyingi za kigeni. Chukua kitenzi 'piga'. Ukikitia katika kauli ya kutendana unapata 'pigana': wawili wanafanyiana kitendo kimoja. Ukikitia kiambishi -ji- cha kujirejelea unapata 'jipiga': mtenda na mtendwa ni mtu mmoja. Vivyo hivyo 'ua' huzaa 'uana' na 'jiua'. Katika sarufi, kutendana na kujitenda ni milango miwili tofauti. Video hii inavunja ukuta ulio kati ya milango hiyo. Kwa kumpa mwigizaji mmoja sare mbili, inageuza 'wanapigana' kuwa 'anajipiga'. Haikuhitaji kuhubiri kwamba binadamu wote ni ndugu, mahubiri ambayo tumeyasikia hadi masikio yakaota sugu. Ilihitaji uso mmoja tu.

Tena tazama neno dogo 'na'. Kwa Kiswahili mtu hucheza na rafiki, hula na jirani, na hupigana na adui. Kiunganishi ni kilekile. Lugha yetu haikuruhusu useme kwamba unapigana bila kukutia katika jozi na yule unayempiga. Sidhani kama wazee waliotuachia sarufi hii walikusudia kutoa funzo la amani, lakini funzo limo.

Handaki ni chombo cha kuikata jozi hiyo. Askari aliye chini ya ardhi hamwoni anayempiga; wanapigana bila kuonana. Ndiyo maana katika video tukio kubwa ni dogo sana kwa macho: watu wanapanda juu. Wakishapanda, kauli ya kutendana inabadilisha vitenzi vyake kimoja baada ya kingine. Wanaonana. Wanasogeleana. Wanapeana mikono. Wanapiga gumzo na kucheza kandanda katika uwanda uleule ambao saa chache kabla hakuna aliyethubutu kuinua kichwa. Kiambishi -an- hakikuondoka. Kilichobadilika ni shina.

Hayo si ndoto ya mwelekezi. Mkesha na siku ya Krismasi mwaka 1914, katika sehemu kadhaa za mstari wa vita nchini Ubelgiji na kaskazini mwa Ufaransa, wanajeshi wa Uingereza na Ujerumani walitoka mahandakini bila amri, wakaimba, wakabadilishana sigara na vifungo vya sare, wakazika maiti zilizokuwa zimelala katikati yao. Haikuwa kila mahali. Kwingine risasi ziliendelea kama kawaida, na habari za kandanda ni chache kuliko filamu zinavyotufanya tuamini. Wakuu wa majeshi walipopata habari walikasirika, na mwaka uliofuata wakahakikisha kwamba jambo hilo halijirudii kwa kiasi kile.

Taswira ya pili ni picha ndani ya picha. Wanajeshi wawili wenye uso mmoja wanapokutana, kila mmoja anatoa picha ya mpenzi wake na kumwonyesha mwenzake. Wanabadilishana ili kila mmoja atazame vizuri. Mara kombora linalipuka karibu nao. Kila mtu anakimbilia handaki lake. Baadaye, wakiwa tayari chini ya ardhi, kila mmoja anafungua mkono na kugundua kwamba picha aliyonayo ni ya mpenzi wa adui.

Wanafunzi wetu wa shule za upili wangeitambua mara moja sadfa ya kombora na kinaya cha mikono ile miwili. Lakini kuna zaidi. Picha ile ni kijisehemu kinachowakilisha kitu kizima: nyumba, kitanda, mezani, barua, watoto waliozaliwa au waliotarajiwa. Anayeishika ameshika maisha ya mwenzake. Kesho yake amri itatoka apige risasi upande ule. Atapigaje, na mkononi ana mke wa yule anayempiga? Na akimwua, nani atamrudishia mama yule picha yake? Video haiulizi maswali hayo kwa maneno. Inatuonyesha tu uso wa mtu anayekodolea macho kitu kisicho chake, kisha inatuacha.

Nilipofika hapo darasani, binti mmoja aliinua mkono. "Mwalimu, sasa hawawezi kurudishiana. Ili kurudishiana lazima waonane tena." Sikuwa na la kuongeza. Hata yeye alikuwa ameanza kusoma taswira kwa viambishi.

Taswira ya tatu hudumu kwa muda mfupi kuliko zote, nayo ndiyo iliyonikosesha usingizi: lile kombora. Nani alilirusha? Tumeonyeshwa majeshi yote mawili yakiwa uwandani, yanachekeana. Aliyefyatua mzinga haonekani. Hatuoni kidole, hatuoni jenerali akitoa amri, hatuoni ramani wala simu. Kombora linatokea tu, kama mvua.

Kisarufi, hii ni kauli ya kutendwa isiyo na mtenda. 'Kombora likarushwa.' Na nani? Kimya. Kauli ya kutendwa ina matumizi yake halali, na mimi mwenyewe ninaitumia. Lakini ndiyo kauli inayopendwa sana na vita. Sikiliza taarifa za habari jioni: kijiji kilishambuliwa, raia waliuawa, hospitali ilipigwa, familia zilifurushwa. Kitendo kipo, mtendwa yupo, mtenda amefutwa. Ukisikia sentensi za namna hiyo kwa miaka mingi, unaanza kuamini kwamba vita ni hali ya hewa.

Kuna video nyingine ya zama hizohizo iliyochagua njia iliyo kinyume. Mnamo mwaka 1984 bendi ya Frankie Goes to Hollywood ilitoa wimbo 'Two Tribes'. Katika video yake, iliyoelekezwa na Godley na Creme, waigizaji waliofanana na Ronald Reagan wa Marekani na Konstantin Chernenko wa Urusi ya Kisovieti wanapigana mieleka ulingoni, huku wajumbe wa mataifa wakishangilia. Mwishowe watazamaji nao wanavaana na dunia inalipuka. Hapo mtenda hakufichwa. Amevuliwa koti la heshima na kuwekwa mbele ya watu. Mbinu ni kejeli.

Nikiziweka video hizi mbili pamoja, naiona methali yetu ya fahali wawili na nyasi. 'Two Tribes' inawatazama fahali na kuwacheka. 'Pipes of Peace' inainama hadi chini na kuzipa nyasi uso, jina la mpenzi na mfuko wa kutilia picha. Sidhani kwamba moja ni bora kuliko nyingine. Bila ya kwanza, tunasahau kuna wanaofyatua. Bila ya pili, tunasahau kuna wanaoangukiwa.

Tukumbuke pia kwamba video ya McCartney haikutoka katika ombwe. Uingereza ilikuwa imetoka kupigana na Argentina mwaka 1982 kwa sababu ya visiwa vya Falkland. Novemba 1983, wiki chache kabla ya wimbo kutoka, makombora ya nyuklia ya Marekani yalianza kuwasili katika kambi ya Greenham Common, ambako wanawake walikuwa wamepiga kambi kuyapinga. Kwa hiyo mtazamaji wa Krismasi ile aliyeona kombora la mwaka 1914 likilipuka alijua vyema kwamba makombora ya mwaka 1983 hayangemwachia mtu nafasi ya kukimbilia handakini. Kuitumia jana ili kuisema leo ni mbinu kongwe ya fasihi, nasi tunaifahamu tangu ngano za bibi.

Hata hivyo, msomaji mzuri wa taswira hujiuliza pia picha imeacha nini nje ya fremu. Tope la Chobham Common ni safi mno. Maiti ambazo askari wa kweli walizizika siku ile hazionekani. Na vita vile, ambavyo Ulaya iliviita vya dunia, vinaonekana kana kwamba vilihusu majirani wawili waliogombana kwenye shamba la Ubelgiji.

Wiki saba hivi kabla ya Krismasi ile, mapema Novemba 1914, majeshi ya Uingereza yaliyoletwa kutoka India yalishindwa na Wajerumani na askari wao Waafrika katika mapigano ya Tanga. Vita hivyo vilizunguka Afrika Mashariki kwa miaka minne, na vilikoma tarehe 25 Novemba 1918 kule Abercorn, ambako sasa ni Mbala, Zambia, wiki mbili baada ya bunduki kunyamaza Ulaya. Mizigo ya vita hivyo haikubebwa na magari. Ilibebwa na wapagazi, waliofagiwa kwa maelfu kutoka vijijini, hasa mwaka 1917, na wengi wao walikufa kwa njaa na maradhi, si kwa risasi. Majina ya Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam ni matamshi yetu ya jina la Kiingereza la kikosi chao. Tunapanda matatu za kwenda huko kila siku tukiwa tumebeba kumbukumbu yao mdomoni bila kujua.

Nikiwa mtoto nilisikia nyumbani habari za ndugu mkubwa wa babu yangu. Kila aliyemtaja alitumia kitenzi kilekile: alichukuliwa. Hakuna aliyesema alikwenda, wala alipigana. Nilipouliza alichukuliwa na nani, niliambiwa, "Alichukuliwa na vita." Nilikubali, kwa kuwa mtoto hamhoji mzee. Leo ndipo ninapoona kwamba ule mzinga usio na mfyatuaji niliouona katika video ya McCartney nilikuwa nimeshausikia jikoni kwa nyanya. Na hakuna picha yake. Hapakuwa na picha mfukoni mwa mpagazi, wala hapakuwa na picha ya mpagazi mfukoni mwa mtu yeyote.

Kwenye barabara ya Kenyatta, Nairobi, kuna mnara wenye sanamu za shaba za wanajeshi wa vita hivyo pamoja na mpagazi. Maandishi yake, ya Kiswahili yakiwemo, yanawasifu wapagazi kwa kuwa miguu na mikono ya jeshi. Ni sifa, lakini isome tena kwa jicho la mwanafunzi wa balagha. McCartney alimpa adui uso. Mnara uliwapa watu wetu miguu na mikono. Hakuna hata jina moja. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, waliokufa wakiitumikia himaya ya Uingereza katika Vita vya Kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Ripoti hiyo ilitaja ubaguzi wa rangi kuwa miongoni mwa sababu.

Sisemi haya ili kuilaumu video ya dakika chache kwa kutobeba bara zima. Nasema hivi: taswira nzuri ya kupinga vita ni ile inayotufanya tuulize tulichozoea kutokiuliza, na video hii imefaulu hivyo kwangu, hata pale ambapo yenyewe imekaa kimya. Ilinifundisha kutafuta uso. Baada ya kuufahamu uso wa Mjerumani wa kuigiza, sikuweza tena kuupita mnara ule bila kuutafuta uso wa babu mkubwa.

Mwishoni mwa kipindi niliwapa wanafunzi zoezi. Nilisema wachukue habari moja ya vita katika gazeti la siku hiyo, iwe ni ya Sudan, ya mashariki mwa Kongo, ya Ukraine au ya Gaza, wapigie mstari kila kitenzi cha kutendwa, kisha waiandike upya kila sentensi kwa kauli ya kutenda. Pale watakaposhindwa kumtaja mtenda, waache pengo jeupe. Yule kijana wa nyuma alileta karatasi yake juzi. Ilikuwa na mapengo mengi kuliko maneno, na chini yake alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu, kana kwamba yeye ndiye mwalimu na mimi mwanafunzi: "Prof, nani atajaza hapa?"